Nimealikwa ufukwe uliojificha ambako watu wanakaa uchi, nijiandae vipi?

Swali ni la dada mmoja, nalifupisha. Anasafiri mwezi ujao, wenyeji wake, mke na mume, wamempangia siku moja kwenye ufukwe wa mchanga ambako watu wanakaa bila nguo. Gari linaachwa mbali, mnatembea kama nusu saa kupitia vichaka na matuta ya mchanga, hakuna duka, hakuna choo, hakuna muokoaji. Anauliza lazima avue? Akifika macho ayaweke wapi? Ni halali? Na kuna hatari gani? Chini kabisa kaongeza moja, akifika akajisikia vibaya afanyeje?

Dada yangu, kazi yangu ni usalama wa fukwe na hizi zilizojificha ndo zinanipa kazi kuliko zote, kwa hiyo nitakujibu ulichouliza alafu nitakaa sana kwenye hilo la hatari ambalo naona umelitaja kwa haraka haraka.

La kuvua ni jepesi. Si lazima. Kwenye fukwe za wazi, zile hazina geti wala kiingilio, nguo ni hiari ya mtu. Pale Haulover, Miami, sehemu ya uchi ipo tangu 1991 na utakuta waliovaa na wasiovaa wamelala taulo kwa taulo, hakuna anayemuuliza mwenzie. Mambo yanabadilika kwenye klabu na kambi za wanachama, huko mara nyingi wanataka wote mvue hasa kwenye bwawa, na wengine wana masharti ya nani anaingia. Hata kwenye ufukwe wa Tambaba kule Brazil, kwa kawaida mwanaume asiyeongozana na mwanamke haruhusiwi kuingia upande wa uchi. Waulize wenyeji wako mapema, pale ni pa wazi au pa klabu? Kwa ulivyoelezea naona ni pa wazi.

Vaa gauni pana la kuvulia kichwani au jifunge kikoi, ndani vaa nguo ya kuogelea, usiende na jinzi ya kubana ya kuhangaika nayo mbele za watu mguu mmoja hewani. Ukifika kaa kwanza. Kunywa maji, jipake losheni, angalia bahari. Wengi wageni huwa wanavua pale wanapoenda kuingia majini manake maji yanasitiri, wakitoka wanakuta hakuna aliyewageukia, na baada ya muda mfupi wanasahau kabisa walikua na wasiwasi wa nini. Wengine hawavui mpaka jioni na wamefurahi tu. Anayewakera wenyeji wa ufukwe ni yule mtu kavaa mpaka viatu, kajibanza kwenye tuta na miwani ya giza, kageukia watu badala ya bahari. Usiwe huyo na hakuna atakayekusumbua.

Macho yaweke usoni pa mtu unayeongea naye, basi. Ukiona mtu anapita mbele yako ukamwona umemwona, hakuna kosa, kosa ni kuganda. Na ondoa ile picha ya kichwani kwamba utakuta vijana wa kwenye matangazo, utakuta wastaafu wanasoma, mama anamwambia mtoto asimrushie mwenzie mchanga, mzee ana kovu la upasuaji tumboni, watu wana vitambi, wana michirizi, wengine wana titi moja. Wanaturisti, yaani hawa watu wa kukaa uchi kwa mapumziko, ni mambo ya zamani sana. Kwenye kisiwa cha Levant, Ufaransa, kijiji chao cha Héliopolis kilianzishwa 1931 na madaktari wawili ndugu wa familia ya Durville, wao walikua wanahubiri jua na hewa kama tiba, na shirikisho lao la kimataifa lilizaliwa Montalivet 1953. Kwa hiyo wengi wao kwao hii ni likizo ya familia tangu wakiwa watoto, na mtu akileta mambo ya ngono ufukweni wao ndo wa kwanza kumfukuza.

Taulo unakaa nalo kila unapokaa, kwenye kiti, kwenye gogo, kwenye mwamba, hiyo ni usafi na ni adabu yao ya kwanza kabisa. Usitandike lako pua kwa pua na mtu wakati ufukwe mzima uko mtupu. Usimsogelee mtu na stori kama hajaonyesha anataka stori.

Simu sasa. Hapa nataka uwe makini kuliko unavyofikiria. Usipige picha, hata selfi, hata ya bahari tupu, manake nyuma yako au pembeni kuna mtu na hajui kamera yako inaona nini. Na kuna kosa dogo ambalo wageni wanalifanya bila kujua, unainua simu juu kutafuta netiweki, unazunguka nayo taratibu huku umeitazama... aliye mita ishirini anaona mtu anarekodi. Nimeshuhudia ugomvi mzito ukianzia hapo. Ukitaka kutafuta netiweki vaa, tembea upande usio na watu. Kama wenyeji wako wana droni ibaki nyumbani.

Na kwa kuwa wewe ni mwanamke nikwambie na hili wazi, fukwe zilizojificha zinavuta na wachunguliaji, wanakaa kwenye vichaka na matuta. Wengi hawana lingine zaidi ya hilo lakini usilivumilie. Kaa upande wenye familia na wazoefu, akikusogelea mwambie kwa sauti ya kusikika "tafadhali sogea, unanikera", na wazoefu wa pale watageuka wote manake wanawajua hao watu kuliko wewe. Usitembee peke yako kwenye matuta. Njia ya kurudi kwenye gari pia msiiache mpaka giza, sehemu nyingine vibaka wanajua kabisa wenye simu na pochi wanapita pale.

Halali au si halali, hiyo inategemea uko nchi gani na wakati mwingine umesimama upande gani wa kibao. Kwenye nchi nyingi duniani kuvua hadharani ni kosa, usijidanganye kwamba kwa vile ni ufukwe basi ruksa. Uingereza na Wales kuwa uchi peke yake si kosa, linakua kosa pale mtu anapofanya kwa nia ya kuwatisha au kuwaudhi wengine, sheria ni ya 2003, na hata hivyo pale Studland, Dorset, kuna sehemu iliyotengwa na vibao vinakwambia mbele ya hapa unaweza kukutana na wanaturisti. Hispania sheria ya nchi haikukatazi ila manispaa zina sheria zao ndogo, Barcelona walipiga marufuku mjini mwaka 2011 na faini ipo. Australia Kusini, Maslin iliruhusiwa rasmi 1975. Alafu kuna zile za mazoea tu, kama Sandy Bay karibu na Cape Town, watu wanakaa uchi miaka na miaka lakini hakuna karatasi rasmi inayoilinda. Waulize wenyeji wako swali moja tu, "imeruhusiwa au imevumiliwa?" Kama imevumiliwa basi polisi akija siku hiyo akasema vaa, unavaa bila kubishana. Na kokote kule unavaa kabla hujavuka mpaka wa eneo, kwenye njia na kwenye maegesho uwe na nguo.

Haya, nije kwenye hatari. Uchi wenyewe haujawahi kumuua mtu ninayemjua, kinachoumiza watu pale ni jua na maji, na kwa sababu pamejificha hakuna wa kukuwahi.

Jua. Najua tulivyo, "sisi weusi hatuungui". Tunaungua. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, inakadiriwa kama SPF 13 hivi (SPF ni kile kipimo cha kinga ya jua kinachoandikwa kwenye losheni), ni msaada mkubwa lakini siku nzima mchangani inaisha, na kwa sababu hatuwi wekundu tunachelewa kugundua, unasikia tu ngozi inavuta, inachoma ukigusa shuka usiku, baada ya siku kadhaa inabanduka. Na kuna sehemu za mwili wako ambazo tangu uzaliwe hazijawahi kuona jua la mchana, matako, matiti, chini ya kitovu. Hizo hazina mazoea yoyote. Mtu anaungua makalio anashindwa kukaa kwenye ndege siku ya kurudi, unacheka lakini ni malalamiko ya kawaida kabisa.

Jua lenyewe haliji kutoka juu tu. Shirika la Afya Duniani wanasema mchanga mkavu unarudisha kama asilimia 15 ya mionzi ya UV, ile ya jua inayounguza ngozi, na povu la bahari kama asilimia 25, kwa hiyo ukiwa chini ya mwavuli bado unapata ya chini. Ukiwa majini nusu mita chini bado mionzi ina asilimia 40 ya nguvu ya juu. Na wingu jepesi linapitisha mpaka asilimia 80, ndo maana watu wanaungua siku za mawingu wakisema mbona hakukua na jua.

Losheni watu wanapaka kama manukato. Namba za SPF zinapimwa kwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi, ukiipeleka kwa mtu mzima mwili mzima inakuja kama mililita 35, yaani vijiko vidogo saba vilivyojaa. Fanya hesabu, unarudia kila baada ya masaa mawili na kila ukitoka majini ukajifuta, ukipaka mara tatu tu umemaliza zaidi ya mililita 100, nusu ya chupa ya 200. Mnaenda watu watatu na chupa moja? Haitoshi. SPF 30 au zaidi, na upake robo saa au nusu saa kabla ya kutoka juani, ikiwezekana kabla hamjaanza kutembea, manake ukisubiri mpaka umeshajaa mchanga unaishia kujisugua na msasa. Sehemu zinazosahaulika nakutajia moja moja: juu ya nyayo, nyuma ya magoti, masikio kwa juu, chuchu na chini ya titi, ule mkunjo pale tako linapokutana na paja, na mstari wa nywele kama umesuka, ngozi ya katikati ya mistari inaungua vibaya mno. Huko sirini paka nje tu, usiingize ndani, na isiwe yenye manukato. Kama inakuwasha acha, funika na kikoi basi. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni jua liko vibaya, na kanuni rahisi ni kivuli chako, kikiwa kifupi kuliko wewe jifunike.

Maji ya kunywa beba lita mbili au tatu peke yako, hakuna duka pale ulisema mwenyewe, na njia ya kurudi ni nusu saa kwenye mchanga unaozama ukiwa umeshachoka.

Sasa bahari. La kwanza ni maji kupwa na kujaa, na hapa ndo watu wa mbali na pwani wananasa. Kutoka kupwa mpaka kujaa ni kama masaa sita na dakika 12, na kila siku inasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo rafiki akikwambia "juzi mchana tulipita pale chini ya mwamba miguu mikavu" leo saa ile ile haikuhusu. Ujazo hauendi kwa mwendo mmoja pia, saa la kwanza unaona kama bahari imelala, saa la tatu na la nne ndo nusu nzima ya maji inaingia. Ghuba nyingi za hivi zimefichwa na majabali pande mbili na kanjia ka kuingilia kako chini, unalala usingizi mtamu, unaamka kanjia hakapo. Siku za bamvu, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapanda juu zaidi na yanakuja kwa kasi zaidi kuliko siku za maji mafu. Angalia mchanga, kuna mstari wa mwani mkavu na vijiti, maji ya mwisho yalifika pale. Tandika juu ya mstari huo. Kama mstari uko mpaka kwenye ukuta wa jabali, basi hamna ufukwe maji yakijaa na mnatakiwa muwe mmeshaondoka. Na usitandike chini kabisa ya genge kwa ajili ya kivuli, mawe yanaporomoka. Pale Black's Beach, San Diego, ambako nako watu wanakaa uchi, kipande kikubwa cha mlima kilishuka mpaka mchangani Januari 2023.

La pili ni mkondo unaovuta kwenda kilindini. Wageni wanaupenda kwa sababu unaonekana ndo sehemu salama! Mawimbi yanavunjika kushoto, yanavunjika kulia, katikati kuna njia imetulia, maji meusi kidogo au yana mchanga umevurugika, mara nyingine unaona povu na majani yanakwenda kinyume, yanatoka badala ya kuja. Mtu anasema tuogelee hapo hakuna mawimbi. Hapo maji yote yaliyoletwa na mawimbi ndo yanatafuta njia ya kurudi, na yakikolea yanafika mita 2.5 kwa sekunde, bingwa wa Olimpiki hawezi kushindana nayo. Simama juu ya tuta dakika kumi uangalie kabla hujaingia, ukiwa chini huoni vizuri. Yakikuchukua usipigane kurudi moja kwa moja, ndo wanavyozama watu wakiwa na nguvu zao, lala chali uelee, upumue, yakipungua ogelea sambamba na ufukwe kisha urudi pale mawimbi yanapovunjika. Inua mkono piga kelele. Na kwa vile hakuna muokoaji sheria yangu ni ndogo tu, mmoja wenu abaki nchi kavu akiangalia, na kama hujui kuogelea maji yaishie kiunoni, hata kama wenyeji wako wanakucheka.

Maji ya baridi ni jambo jingine, pale Sandy Bay Atlantiki ni ya barafu hata kiangazi, ukijirusha ghafla unashindwa kudhibiti pumzi kwa dakika ya kwanza au zaidi na unaweza kuvuta maji. Ingia taratibu, lowesha uso na shingo kwanza.

Vidudu kwa haraka. Mchangani kwenye maji ya kina kidogo buruta miguu, usinyanyue hatua, taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akisikia anaondoka mwenyewe, ukimkanyaga anakuchoma. Akikuchoma dawa ya kwanza ya maumivu ni maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, nusu saa mpaka saa moja na nusu, alafu hospitali. Sasa maji ya moto utayatoa wapi huko? Ndo maana mimi chupa ya chai haikosi kwenye begi, na hata nisipochomwa nakunywa chai. Yavuyavu, yule mnyama wa baharini laini kama jeli, likikugusa usikojolewe na mtu tafadhali, hiyo ni hadithi, toa vile viuzi kwa upole na suuza na maji ya bahari. Na kwenye majani ya matutani Ulaya na Marekani kuna kupe, wewe uko bila nguo, kwa hiyo jioni jikague kwenye kwapa, kinena, nyuma ya magoti, ukimkuta mng'oe na kibano ukimshika karibu kabisa na ngozi.

Simu iwe na chaji na uhifadhi ramani ya pale mapema ambayo inafunguka bila data, na umwambie mtu asiyekuja nanyi mnaenda wapi na mnarudi saa ngapi. Ulaya namba ya dharura ni 112. Ndala kwa ajili ya njia hazifai, vaa viatu vya kufunga. Choo, nenda mbali na maji na mbali na watu, chimba, fukia, karatasi weka kwenye mfuko urudi nayo. Matuta msiyakanyage hovyo, fuateni njia, yale majani ndo yanashika mchanga usihame.

Kuhusu ile ya mwisho uliyoiandika chini kabisa, kama ukifika ukajisikia vibaya, waambie wenyeji leo leo kabla ya safari kwamba unakuja lakini unaweza usivue na unaweza kutaka kuondoka mapema. Wazoefu wa mambo haya hawashangai, wengi wao siku yao ya kwanza walikaa na taulo kiunoni mpaka jua likazama. Wakianza kukulazimisha, au kukutania utani wa kukusukuma uvue, usiende nao sehemu ambayo ni nusu saa kutoka barabarani. Na uwaulize saa ya maji kujaa siku hiyo, kama hawana jibu itafute wewe, ratiba zipo mtandaoni bure kwa karibu kila bandari.